Boksi la Wageni

Nianze na vikombe, kwa sababu bila vikombe hamtamwelewa Bi. Maundu, na sitaki mtu aseme nilimsingizia.

Nyumbani kwetu Mumbuni kuna kabati la vioo sebuleni, na ndani yake mna vikombe vya maua ya waridi ambavyo mama alipewa siku ya harusi yake. Mimi nimezaliwa, nikabatizwa, nikapata Kipaimara, nikaingia sekondari, na sijawahi kunywa chai kwa kikombe hata kimoja kati ya hivyo. Ni vya wageni. Ukienda kwa jirani utakuta na yeye ana vyake. Ukienda kwa nyanya yangu, ambaye hana stima wala maji ya mfereji, utakuta vyake vimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Ndivyo tunavyoishi Ukambani na sina neno. Chai ni chai, hata ukiinywea kwenye kikombe cha bati.

Lakini mota si kikombe, na hilo ndilo lililonitia hasira ambayo haijapoa mpaka leo.

Mwaka wa 2005 nilikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Perpetua, huko Kola. Kikundi cha wafadhili kutoka ng'ambo kilituletea boksi la kutengenezea roboti. Lilikuwa la plastiki ngumu, mfuniko wake unaonyesha ndani, na ndani limegawanywa vijumba vijumba: mota ndogo, gia za kila ukubwa, magurudumu ya mpira, waya za rangi, skrubu, na kidude cheusi walichokiita ubongo, ambacho kazi yake ni kuziambia mota zizunguke vipi. Lilikuwa la klabu yetu ya sayansi. Aliyelileta alisema hivyo gwarideni mbele ya shule nzima: wasichana wajifunze kutengeneza vitu kwa mikono yao. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Bi. Maundu, mwalimu mkuu wetu, alilipokea kwa mikono miwili, akalipeleka ofisini, akalitia kwenye kabati la vioo katikati ya kombe la muziki na picha ya askofu. Akalitandikia kitambaa cheupe cha kufuma. Akafunga kabati, na ufunguo akautumbukiza ndani ya mkoba wake.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa Ndila, wa kidato cha nne. Alitoka Ekalakala, ambako mama yake aliuza nyanya sokoni, na alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Ukimwazima kalamu, alikurudishia ikiwa imeshafunguliwa na kufungwa tena. Redio ya matroni ilipokufa, ilipelekwa kwa Ndila. Pasi ya makaa ya bwenini ilipovunjika bawaba, ilipelekwa kwa Ndila. Hakuwa msemaji sana. Kusema nilisema mimi, Kalekye, katibu wa klabu, ambaye sikujaliwa subira, na sijajuta.

Tulingoja muhula mzima tuitwe tukafungue boksi. Hatukuitwa. Bw. Kisilu, mwalimu wetu wa fizikia, alienda kuuliza, akarudi akitazama viatu vyake na kutuambia tuvumilie. Basi mimi na Ndila tukaenda wenyewe.

"Madam, tunaomba ile boksi ya roboti," nilisema. "Tutafungulia hapa hapa ofisini kama unaogopa."

Bi. Maundu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitabasamu kama mama anayemnyima mtoto sukari kwa ajili ya meno yake.

"Wasichana wangu, hiyo kitu nimeipokea na mikono yangu. Skrubu moja ikipotea, ni mimi nitaulizwa, si nyinyi. Mnakumbuka ile kompyuta?"

Kompyuta tuliikumbuka. Iliharibiwa na panya aliyezalia ndani yake, na panya alizalia ndani yake kwa sababu ilifungiwa stoo tangu siku ilipoletwa. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Ndila akanikanyaga mguu.

"Hata kushika tu, Madam?" Ndila aliuliza.

"Mtashika wageni wakikuja."

Na wageni walikuja. Walikuja wa elimu, wakaja wa kanisa, akaja mke wa mheshimiwa fulani aliyekuwa akipita tu kuelekea kwenye harambee. Kila walipokuja, boksi lilitolewa kabatini likiwa limefungwa, kiranja mkuu akaliinua juu kwa mikono yote miwili, nasi wa klabu tukaimba. Ndiyo, tuliimba. Tulitungiwa wimbo wa boksi. "Hii ni mota, inazunguka! Hii ni gia, inashikana!" Tukayumbisha mabega, tukaonyesha kwa kidole, tukarudi nyuma hatua mbili na kupiga vigelegele. Mota yenyewe haijawahi kuzunguka tangu ifike Kola. Wageni walipiga picha, wakala kuku, wakaenda. Boksi likarudi kwenye kitambaa chake.

Niambieni, nani hufundishwa kupika kwa kuimba majina ya sufuria?

Ndila alitafuta njia yake. Alienda kujitolea kupanguza vumbi ofisini kila Ijumaa. Watu walimcheka, wakasema anajipendekeza kwa mwalimu mkuu. Mimi nilijua. Alikuwa akipanguza kile kioo taratibu sana, uso wake karibu uguse, huku akitazama gia gani ina meno mangapi na mota imefungwaje kwenye fremu kwenye picha ya jalada la kijitabu cha maelekezo kilichowekwa juu ya boksi. Aliporudi bwenini alinieleza yote kwa vidole hewani. Alilijua boksi lile kuliko aliyelitengeneza, na hakuwa amewahi kuligusa.

Kisha simu ikapigwa. Bi. Maundu alitutangazia gwarideni, uso umemng'aa. Wafadhili wanakuja mwezi wa saba kuona wasichana wametengeneza nini na boksi lao. Msichana mmoja atakayewaridhisha atapelekwa Nairobi likizo ya Agosti, akae na wahandisi wa chuo kikuu, na akifanya vizuri huko watamlipia masomo mpaka amalize chuo.

Nilimtazama Ndila. Alikuwa ameshika shavu. Yeye alikuwa kidato cha nne. Hakukuwa na Agosti nyingine ya kungojea. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi kwamba baada ya mtihani atarudi Ekalakala wasaidiane kibandani, kwa sababu wadogo zake nao wanataka shule. Nafasi hiyo ilikuwa moja, nayo ilikuwa ndani ya kabati.

Tukarudi kwa Bi. Maundu mbio.

"Sasa Madam utafungua?"

"Nitafungua. Wakati ukifika."

"Wakati ni gani, Madam? Wanakuja kuona kitu tumetengeneza. Tutatengeneza saa ngapi?"

"Kalekye, wewe na huo mdomo wako," alisema. "Nimesema nitapanga. Muende darasani."

Ndila hakungoja mpango. Alitengeneza gari lake mwenyewe. Mota alizitoa kwenye kinasa sauti kibovu cha matroni na kingine alichotoka nacho kwao, magurudumu akayakata kwa wembe kutoka kwenye soli za slipas, na mbele akaweka vipande viwili vya waya vinavyogusana gari likigonga kitu. Swichi yenyewe ilikuwa kifuniko cha chupa. Ukiliweka sakafuni, lilienda likinguruma mpaka ukutani, likagonga, likarudi nyuma, likageuka, likaendelea na safari yake. Bw. Kisilu alipoliona alicheka mpaka akavua miwani. Alisema, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani, kwamba hata ile picha ya kijitabu haina ujanja huu. Tukalificha chini ya meza ya maabara, nami nikawa nalala nikiiona Nairobi ya Ndila kana kwamba ni yangu.

Wiki ya wageni, shule ilifanyiwa usafi. Nyinyi mliosoma bweni mnajua usafi wa wageni. Mawe yalipakwa chokaa. Nyasi zilifyekwa, na hata mbuzi wa jirani alifukuzwa akakae mbali. Bi. Maundu alizunguka akikagua, na akaingia maabara wakati sisi tuko shambani tunachoma majani. Aliyenisimulia ni msichana aliyekuwa akipiga deki humo humo. Bi. Maundu aliinama, akalitazama lile gari, akaliinua kwa vidole viwili.

"Na hii takataka ni ya nini? Soli za slipas ndani ya maabara! Hawa watu wakiona hii si watasema tunakaa kwa jalala?"

Bw. Kisilu alikuwa pale. Mtu mzima, mwenye digrii, mwenye sauti. Alikohoa. Huo ndio mchango wake wote, kikohozi.

Likatupwa shimoni pamoja na makaratasi na likachomwa moto. Tena sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunaubeba ule moto kutoka shimo moja hadi jingine. Ndila alilitambua kwa harufu ya mpira. Alichukua kijiti, akachokoa jivu, akapata mota moja iliyopinda, akaitazama, akairudisha. Mimi nililia kwa hasira. Yeye alikaa juu ya jiwe lililopakwa chokaa, sketi ikawa nyeupe nyuma, akaulizwa na kiranja kwa nini anaharibu jiwe.

Ule mpango wa Bi. Maundu tuliuona siku iliyofuata. Aliletwa fundi kutoka mjini Machakos, jina lake Antony, kijana mpole anayetengeneza televisheni. Boksi likatolewa. Kabati likafunguliwa, mfuniko ukafunguliwa, na sisi wa klabu tukasimama nje tukichungulia kwa dirisha la ofisi, tukimtazama Antony akifungua kijitabu chetu na kuunganisha roboti yetu. Simlaumu. Aliitwa kazi akaja. Alifuata picha moja moja, akapewa chai kwa kikombe cha wageni, akaenda.

Jioni Bi. Maundu alituita.

"Sasa sikizeni. Kesho mtasimama kando yake na makoti meupe. Ndila utasema, 'Tumeitengeneza sisi wenyewe.' Mmesikia? Msiiguse. Mimi nitabonyeza hapa, itatembea."

"Lakini hatukuitengeneza," nilisema.

"Kalekye. Unataka Ndila aende Nairobi ama hutaki?"

Hapo alinifunga mdomo, na nilimchukia kwa hilo kuliko kwa yote mengine. Maana nilitaka. Nilitaka sana.

Wageni walifika saa nne. Walikuwa wazungu wawili, mume na mke wenye mvi, pamoja na Bi. Nzisa, mratibu wao kutoka Nairobi, Mkamba wa kwetu, aliyetusalimu kwa Kikamba na kutuuliza tunatoka wapi na wapi. Tuliimba. Tuliyumbisha mabega. Kisha tukaingia ukumbini, na juu ya meza yenye kitambaa cheupe ilikuwa roboti, gari dogo la magurudumu manne na ubongo mweusi mgongoni.

Bi. Maundu alibonyeza. Gari likaenda, likagonga ubao uliowekwa pale, likarudi nyuma, likageuka kulia. Watu wakapiga makofi. Yule mzee wa kizungu akafurahi kwelikweli. Ilionekana ni mtu aliyeshinda maisha yake yote na spana mkononi. Akamnong'oneza Bi. Nzisa jambo.

"Anauliza," Bi. Nzisa alisema, "kama inaweza kugeuka kushoto badala ya kulia. Mwenye kuitengeneza atuonyeshe. Mbadilishe tu hapa hapa, tuone."

Kitu rahisi. Kuhamisha waya mbili, basi. Ndila alikuwa amenieleza hilo kwa vidole hewani miezi mingi nyuma. Niliona uso wake unafunguka. Alipiga hatua moja, akanyoosha mkono.

"Ndila, usiguse!"

Bi. Maundu hakukusudia. Naapa hakukusudia, ilimtoka tu, kama inavyomtoka mama ukinyoosha mkono kwenye vikombe. Lakini ilitoka kwa sauti ya gwaride. Mkono wa Ndila ukabaki hewani.

Mama wa kizungu akauliza amesema nini. Bi. Nzisa akamtafsiria, polepole. Kisha akamgeukia Ndila, akasema naye kwa upole, kama dada mkubwa.

"Ndila, nani alitengeneza hii kitu?"

Mimi nilikuwa naomba rohoni. Sema ni sisi. Sema, Ndila, neno moja tu, halafu uende zako Nairobi ukawe mtu. Mungu atasamehe, anajua mambo ya kabati. Bi. Maundu naye alikuwa anamtazama kwa macho ya kubembeleza, na kwa mara ya kwanza mimi na yeye tulikuwa tunataka kitu kimoja.

Ndila aliitazama ile roboti, iliyokuwa bado inazungukazunguka mezani.

"Ni fundi kutoka mjini," alisema. "Mimi singeweka hiyo gia ndogo hapo. Inakwaruza. Hamsikii?"

Hakuna aliyekuwa amesikia. Sasa tulisikia: kwa chini chini, krr, krr. Ndila angeweza kuibeba sifa ya mtu mwingine, lakini si gia iliyowekwa vibaya. Hiyo ilimshinda.

"Na nyinyi mmetengeneza nini nayo?" Bi. Nzisa aliuliza.

"Hatujawahi kuishika."

"Tulikuwa na gari letu!" niliropoka. "Ndila alilitengeneza, likachomwa juzi, kwa shimo ya takataka!"

"Kalekye!" Bi. Maundu alifoka.

"Lilichomwa! Muulizeni Bw. Kisilu, aliliona likitembea!"

Macho yote yakamwendea Bw. Kisilu. Akakohoa.

Wageni walitoka nje, wakaongea chini ya ukingo wa paa wakitazama miguu yao. Waliporudi, mzee alikuwa na huzuni, na Bi. Nzisa ndiye aliyesema. Walishukuru kwa mapokezi. Hawana ugomvi na mtu. Lakini vifaa hivi vililetwa vitumiwe, na kuna shule moja ya wavulana ambayo imekuwa ikiviomba tangu mwaka jana. Basi boksi litakwenda huko. Na nafasi ya Nairobi, kwa kuwa hakuna kazi ya kuonyesha, nayo itakwenda na boksi.

Sikilizeni haki hiyo. Aliyefunga ni mmoja, ufunguo uko kwenye mkoba wake, kila mtu anaujua mkoba wenyewe. Na wanaoadhibiwa ni wale waliokuwa wakichungulia kwa kioo. Walikuja kutoka ng'ambo, watu wema, watu wenye mvi, wakaona ugonjwa palepale mbele yao, wakampa dawa jirani. Niliinua mkono kusema hivyo. Hakuna aliyeniangalia.

"Nani anaweza kuifungua tuirudishe ndani ya boksi?" Bi. Nzisa aliuliza. "Tunataka kuondoka kabla ya mvua."

Hakuna aliyeweza, maana Antony alikuwa mjini. Ndila akasogea mezani. Safari hii Bi. Maundu hakumzuia.

Hivyo ndivyo Ndila alivyoshika boksi la klabu yetu kwa mara ya kwanza. Alivua koti jeupe, akakunja mikono ya sweta, akaanza. Alitoa waya, akazikunja kwa rangi zake. Alitoa ile gia ndogo, akaiweka machoni, akaizungusha kwa kidole gumba, akatabasamu kidogo, akaitia mahali pake. Hakutazama kijitabu. Alijua kila kijumba ni cha nini, kwa sababu alikuwa amevipanguza kwa nje kila Ijumaa. Mota aliishika mkononi muda mrefu kidogo kuliko vingine, akaipima uzito. Yule mzee wa kizungu alikuwa ameinama juu ya meza, mdomo wazi, akimwangalia. Akamuuliza kwa Kiingereza amejifunza wapi.

"Kabatini," Ndila alisema.

Mzee akamtazama Bi. Nzisa. Bi. Nzisa akatazama saa. Wale wavulana walikuwa wamekwisha kupigiwa simu, alisema, na gari liko tayari. Mzee akaweka mkono begani kwa Ndila, akauondoa.

Mfuniko ulipofungwa, Bi. Maundu alisogea. Alikuwa ametokwa jasho kwenye mdomo wa juu, lakini alisimama wima. Aliomba boksi lifunguliwe tena kidogo. Akapitisha kidole chake juu ya kila kijumba, mota, gia, magurudumu, waya, mpaka skrubu za mwisho, na uso wake ukarudia kung'aa.

"Si mmeona wenyewe?" aliwaambia wageni. "Miezi yote hii, na hakuna kitu imepotea. Hata skrubu."

Boksi likabebwa likaingizwa kwenye gari. Ndila alikuwa bado amesimama mezani, mikono ya sweta imekunjwa, akikitazama kile kitambaa cheupe.

"Madam," nilisema, na sikujali wageni wala gwaride wala kiboko, "Ndila anamaliza shule mwaka huu. Hiyo ndiyo nafasi alikuwa nayo. Imepotea."

Bi. Maundu aligeuka akanitazama. Hakukasirika. Alionekana kushangaa tu, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilohusiana na mazungumzo.

"Kalekye, mimi naongea mambo ya boksi," alisema. "Ndila anaingia wapi hapo?"